Gari Lililopendwa na Wasiolinunua

Mwishoni mwa mwaka 2019 kampuni ya Subaru iliwatangazia Wajapani magari 555 ya mwisho ya WRX STI yenye injini ya EJ20. Yalikuwa na rimu za rangi ya dhahabu, mstari mwekundu puani, na ahadi kwamba baada ya hayo hakuna tena. Maelfu ya watu walijiandikisha. Ikabidi ipigwe kura, na waliotoka mikono mitupu wakawa wengi mno kuliko waliobahatika. Muuza mitumba yeyote wa soko la Gikomba, Nairobi, anajua la kufanya mzigo unapogombaniwa namna hiyo: anafungua belo jingine. Subaru haikufungua. Machi 2022 ikaweka wazi kwamba WRX mpya haitapata ndugu yake STI wa kuendeshwa kwa petroli.

Ulaya hiyo ilikuwa habari ya kurasa za ndani. Afrika Mashariki ilisomwa kama tanzia. Vijana ambao hawajawahi kumiliki hata pikipiki waliipokea kwa masikitiko, na si ajabu, kwa kuwa jina la Subaru limekaa katika kumbukumbu za watu wetu kwa njia ambayo hakuna tangazo la biashara lingeweza kuinunua. Mwaka 1994 Patrick Njiru, kijana wa nyumbani, alimaliza Safari Rally ya Kenya katika nafasi ya nne akiwa na Subaru Impreza, gari lililozaa WRX. Mwaka 1997 Mskoti Colin McRae akaipa kampuni hiyo ushindi wake wa kwanza wa Safari, na mwaka 2000 Mwingereza Richard Burns akaurudia. Gari lilikuwa la buluu, rimu za dhahabu, na ubavuni namba 555 ya sigara iliyolidhamini. Ndiyo namba hiyo hiyo iliyochaguliwa baadaye kuwa idadi ya magari ya kuagia.

Halafu kuna mlio. Injini ya boksa ya Subaru imelazwa: silinda mbili kushoto, mbili kulia, pistoni zikienda na kurudi kwa ubavu badala ya kupanda na kushuka. Moshi wa upande mmoja una safari ndefu kuifikia turbo kuliko moshi wa upande wa pili. Huu unawahi, ule unachelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakozaa ule mngurumo wa kukatika-katika unaotambulika hata na aliyefumba macho kitandani saa nane za usiku. Ni kasoro ya mabomba, kwa kweli. Wahandisi wenyewe waliirekebisha katika STI za Japani za miaka ya 2000 kwa kuweka mabomba ya urefu sawa, gari likawa na pumzi nzuri zaidi na sauti ya kawaida zaidi. Nairobi wapo wanaoagiza gari hilo lililorekebishwa, kisha wanamlipa fundi alirudishie mabomba mabaya ili lilie inavyopasa.

Mtu anayefanya hivyo analipenda gari kuliko aliyelitengeneza. Na bado, katika vitabu vya hesabu vya Subaru, mtu huyo hayumo.

Hapo ndipo palipo na jibu la swali ambalo wapenzi wa magari hulirudia kila linapofutwa gari wanalolihusudu: mbona wanaua kitu kinachopendwa? Kiwanda hakihesabu wapenzi. Kinahesabu mnunuzi wa kwanza, yule anayeingia dukani Osaka au Saitama akasaini karatasi za gari lenye kilomita sifuri. Kuanzia hapo gari linaishi maisha marefu. Linaingia mnadani, linapanda meli, linateremka Mombasa au Dar es Salaam, linakaa kwenye yadi likioshwa kila asubuhi, linanunuliwa, linauzwa, linanunuliwa tena. Likipasua gasketi au turbo ikifa, kipuri kinatafutwa Kirinyaga Road Nairobi, au Gerezani Dar es Salaam, au Kisekka kule Kampala, mara nyingi kikiwa kimetolewa kwenye gari jingine lililokatwa vipande. Katika safari yote hiyo fedha nyingi zinabadilisha mikono, na sehemu kubwa yake haifiki kiwandani Gunma. Sifa za gari zinakua mwaka hadi mwaka. Mauzo yake yalishakwisha siku ile ya kwanza.

Haya si ya Afrika pekee. Vijana wa Marekani na Uingereza wanaobandika picha za gari hizi ukutani ni wale wale wanaosubiri zifikishe umri wa miaka kumi zishuke bei. Wenye pesa ya kununua jipya ni watu wa makamo, wana watoto wawili na mbwa, na wanataka gari la juu lenye buti kubwa.

Subaru ilizisoma alama hizo mapema. Mwaka 2008 tawi lake la Marekani lilianza kampeni ya matangazo iliyojengwa juu ya upendo: familia, mbwa, theluji, usalama. Desemba mwaka huo huo kampuni ikatangaza kujitoa katika mashindano ya dunia ya rally. Sidhani kama waliokuwa wakiandika tangazo la mbwa walikaa meza moja na waliokuwa wakifunga karakana ya rally, lakini ukiyatazama matukio hayo mawili pamoja unaona kampuni ikibadilisha watu inaotaka kuzungumza nao. Ilifanikiwa. Kufikia mwaka 2016 ilikuwa ikiuza Marekani magari zaidi ya 600,000 kwa mwaka. WRX na STI, zikijumlishwa pamoja, zilikuwa kama 30,000 na kidogo. Hiyo ni idadi nzuri kwa gari la kasi. Kwa mhasibu ni asilimia tano, na asilimia tano hiyo inadai injini yake, gia zake, breki zake na majaribio yake ya peke yake.

Utetezi wa kawaida wa mashabiki ni kwamba gari la kasi huuza mengine: baba anavutiwa na STI, anaondoka na Forester la familia. Huenda ni kweli. Shida ni kwamba hakuna safu katika daftari la hesabu ya kuandikia jambo hilo, na katika kikao cha bodi kisichoandikika hakina wa kukisemea.

Swali la haki zaidi lingekuwa: kama hesabu ni mbaya hivyo, magari haya yalizaliwa vipi? Yalizaliwa kwa kulazimishwa. Kundi B, daraja la magari ya rally yenye nguvu za kutisha, lilipigwa marufuku mwishoni mwa 1986 baada ya vifo vya madereva na watazamaji. Likashika nafasi yake Kundi A, na sharti lake kubwa lilikuwa kwamba gari la mashindano litokane na gari ambalo raia anaweza kulinunua, na magari ya namna hiyo yawe yametengenezwa kwa maelfu. Mitsubishi ilipotaka kushinda ikalichukua Lancer, gari la mtumishi wa ofisi, ikalitia turbo na mfumo wa kuvutwa kwa magurudumu yote manne, ikaliuza mwaka 1992 kwa jina la Lancer Evolution. Hesabu iliyotakiwa ilikuwa magari 2,500. Yaliisha upesi, yakaongezwa mengine. Subaru nayo ikafanya hivyo hivyo na Impreza. Kwa hiyo gari la barabarani lilikuwa tiketi ya kuingilia mashindanoni, na hasara yake, kama ilikuwepo, ililipiwa na fungu la mashindano.

Mwaka 1997 kanuni zikalegezwa. Lilikuja daraja jipya lililoruhusu kampuni kulichukua gari la kawaida la kuvutwa mbele na kulijengea mfumo wa magurudumu manne kwa ajili ya rally tu, bila kuliuza hivyo kwa mtu yeyote. Peugeot ikatwaa ubingwa wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 2000 hadi 2002, kwa gari la 206 ambalo lile la dukani lilivutwa na magurudumu mawili ya mbele. Mitsubishi iliendelea na njia ya zamani hadi 2001, Tommi Mäkinen akiiletea ubingwa wa madereva mara nne mfululizo, lakini ukuta ulikuwa umeshabomoka. Tangu siku hiyo Evolution na STI hazikuwa tena tiketi ya lazima ya kuingilia daraja la juu. Zilidumu karibu miaka ishirini zaidi kwa mazoea, kwa fahari ya wahandisi, na kwa kushindana zenyewe kwa zenyewe. Ukitaka tarehe ya kifo, mimi ningeiandika 1997 na kuiita miaka iliyofuata rehema.

Mitsubishi ilikuwa na misiba yake ya ziada. Mwaka 2000 iligundulika kuwa imekuwa ikificha malalamiko ya wateja kuhusu kasoro za magari yake kwa zaidi ya miongo miwili. Mwaka 2004 mbia wake DaimlerChrysler alikataa kuiongezea fedha. Mwishoni mwa 2005 ikajitoa katika mashindano ya dunia ya rally. Katika nyumba yenye shida ya namna hiyo, mtoto wa kwanza kuachishwa shule ni yule mwenye karo kubwa. Evolution ya kumi, iliyotoka 2007, haikupata mrithi. Zikatengenezwa 1,000 za kuagia kwa ajili ya Japani na 1,600 kwa ajili ya Marekani, kazi ikaisha. Aprili 2016 kampuni ikakiri kuchezea takwimu za ulaji wa mafuta, na kabla mwaka haujaisha Nissan ikawa inamiliki asilimia 34 yake. Wazee waliomwona Joginder Singh akishinda Safari ya 1974 na ya 1976 kwa Lancer wana haki ya kushangaa jinsi jina hilo lilivyoishia.

Na majina yenyewe hayatupwi. Eclipse lilikuwa gari la Mitsubishi la milango miwili, la vijana. Mwaka 2017 jina likarudi likiwa limebandikwa kwenye gari la juu la familia. Ford ilifanya hivyo hivyo na Puma, kisha na Capri. Inaudhi, lakini ni ushahidi mzuri wa ninachokisema: jina lina mashabiki, gari halina wanunuzi, basi wanauza jina.

Tuje kwenye moshi, maana ndiyo sababu inayotajwa rasmi. Umoja wa Ulaya hauipimi kampuni kwa gari moja moja, unapima wastani wa hewa ya ukaa ya magari yote mapya iliyoyauza kwa mwaka. Lengo la jumla kuanzia 2020 lilikuwa gramu 95 kwa kilomita, likirekebishwa kidogo kwa kila kampuni kulingana na uzito wa magari yake. Atakayezidi hulipa euro 95 kwa kila gramu, mara idadi ya magari yote aliyouza, si yale machafu tu. Kundi la Volkswagen lilikosa lengo lake la 2020 kwa nusu gramu. Nusu. Likatarajia faini inayozidi euro milioni 100.

Sasa liweke kwenye hesabu hiyo gari linalotoa gramu 245. Limezidi lengo kwa gramu 150, na 150 mara euro 95 ni euro 14,250. Kama hakuna magari mengine ya kulifidia, huo ndio mzigo ambao gari moja linauongeza kwa mwenye kampuni kabla hajahesabu chuma, raba wala mshahara. Anaweza kumtupia mnunuzi, na mnunuzi atakimbia. Anaweza kuuza magari ya umeme ya kutosha kuushusha wastani. Au analifuta. Hata Suzuki Jimny, ambalo si la kasi hata kidogo na ambalo watu walikuwa wakilipangia foleni, liliondolewa katika soko la magari ya abiria Ulaya kwa sababu hiyo, likarudi mwaka 2021 bila kiti cha nyuma, limesajiliwa kama gari la mizigo, kwa kuwa magari ya mizigo yana wastani wake. Huwezi kuubuni mkasa wa namna hiyo.

Kanuni nyingine huja bila kujali anayependwa ni nani. Agosti 2002 Japani ilizika kwa mkupuo mmoja Toyota Supra, Mazda RX-7, Nissan Skyline GT-R na Silvia, kwa sababu viwango vipya vya moshi vilikuwa vimefika na hakuna kampuni iliyoona faida ya kuzifanyia injini hizo ukarabati. Julai 2024 Porsche iliacha kuuza 718 za kawaida za petroli katika Umoja wa Ulaya, safari hii si kwa moshi bali kwa kanuni za kuzuia wadukuzi wa kompyuta za gari. Mtambo mzima wa umeme wa gari la zamani ungehitaji kusukwa upya. Gari lililokuwa likiuzika jana linakuwa haramu kesho, na gharama ya kulihalalisha ni ile ile kwa gari linalouzwa elfu tano kwa mwaka na linalouzwa laki tano.

Chini ya hayo kuna jambo la kimyakimya linaloua magari mengi kuliko sheria. Gari la kasi la bei ya kati huwa halina mwili wake. Linapanga. Evolution lilipanga kwa Lancer la kawaida, STI likapanga kwa Impreza, Fiesta ST likapanga kwa Fiesta. Mwenye nyumba akihama, mpangaji hana pa kulala. Ford ilipositisha Fiesta Julai 2023 ili kukipisha kiwanda chake cha Cologne kitengeneze magari ya umeme, hakuna aliyeketi kuijadili ST. Iliondoka na samani. Watu walipoacha sedani ndogo na kukimbilia magari ya juu, walizifukuza pia gari za kasi zilizokuwa zikiishi humo, bila kukusudia.

Nissan GT-R ndilo lililokuwa na nyumba yake, na ndilo linaloonyesha bei ya kuwa nayo. Injini yake ilifungwa kwa mkono huko Yokohama na mafundi bingwa wachache sana, katika chumba kilichozuiliwa vumbi, na kwa miaka mingi kila injini ilibeba kibao chenye jina la fundi aliyeifunga. Fikiria unafungua boneti unaona jina la mtu. Gari lilitoka Desemba 2007 na la mwisho likashuka mstarini Tochigi Agosti 2025. Katika miaka hiyo karibu 18 yalitengenezwa kama 48,000. Toyota, inayouza zaidi ya milioni kumi kwa mwaka, hufikisha idadi hiyo kwa siku mbili. Hata hivyo kabla ya kufa lilishaanza kufukuzwa nchi moja moja: Australia mwaka 2021 kwa kanuni za ajali za ubavuni, Ulaya mwaka 2022 kwa kanuni za kelele.

Je, kampuni zinaonewa basi? Mimi siamini kwa ukamilifu. Sheria ya moshi ni kisingizio kitamu kwa sababu nusu yake ni kweli. Tazama Marekani. Dodge ilifunga mstari wa Challenger na Charger za V8 Desemba 2023, na kampuni mama, Stellantis, ilikuwa imelipa dola milioni 235.5 za faini ya ulaji wa mafuta kwa magari ya miaka ya 2018 na 2019. Lawama zote zikaenda Washington. Julai 2025 sheria ya bajeti iliyosainiwa na Rais Trump ikaifanya faini hiyo kuwa sifuri. Stellantis ilikuwa imeshatangaza mwezi mmoja kabla kwamba V8 yake inarudi katika pikapu za Ram. Challenger halikurudi nayo. Kiwanda cha Brampton, Kanada, kilicholitengeneza kilikuwa kimeshavunjwa mitambo yake kwa matengenezo na kikakaa bila kutoa gari. Sheria inaweza kufutwa kwa kalamu; mstari wa kiwanda ukishang'olewa haurudishwi kwa kalamu. Na gari hilo, kwa haki, lilikuwa na mwili uliotoka 2008. Lilikuwa limezeeka kabla faini haijapanda.

Anayeniharibia hoja ya kwamba haiwezekani ni Toyota. Januari 2020, wakati wenzake wakizima taa, ilizindua GR Yaris: silinda tatu, lita 1.6, turbo, magurudumu yote manne yakivuta, mwili wa milango mitatu ambao Yaris la kawaida halikuwa nao. Lilibuniwa kwa ajili ya rally kwa mtindo ule ule wa miaka ya tisini, na aliyeshirikishwa kulinoa ni Tommi Mäkinen, yule yule wa Evolution, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akiiongoza timu ya Toyota ya rally. Nyuma yake alisimama rais wa kampuni wa wakati huo, Akio Toyoda, mtu anayeingia mashindanoni mwenyewe kwa jina la bandia la Morizo. Ikiwa mwenye nyumba mwenyewe ndiye shabiki, mhasibu anajifunza kunyamaza.

Lakini moyo wa rais hautoshi. Toyota inaweza kuuza GR Yaris Ulaya kwa sababu inauza huko malaki ya magari ya haibridi, yale yasiyosikika yakiondoka kwenye taa za barabarani. Kila moja linaushusha wastani kidogo, na nafasi inayopatikana chini ya ule mstari wa gramu ndiyo inayotumiwa na wachache wenye haraka. Mwenda pole wa Brussels anamlipia mwenda mbio wa Finland bila kujua. Subaru, kampuni ndogo iliyotegemea injini za boksa na magurudumu manne katika karibu kila gari lake, haikuwa na akiba ya namna hiyo ya kukopa. Ndiyo tofauti kati ya aliyeua na asiyeua, na inatokana na mengine wanayoyauza zaidi kuliko mapenzi.

Matunda tumeyaona Naivasha. Tangu Safari iliporudi katika kalenda ya dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana kwa karibu miongo miwili, Toyota ilishinda kila mwaka hadi 2025, na katika 2022 na 2023 ikachukua nafasi nne za kwanza zote. Ukitazama maegesho ya watazamaji kando ya mashamba ya maua na ziwa, hata hivyo, zile za buluu zenye rimu za dhahabu bado ni nyingi, wenyewe wameegemea boneti wakishangilia Yaris.

Magari hayo ya watazamaji yatatoka wapi kuanzia sasa, hilo limeandikwa katika sheria za forodha. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na mamlaka hulihesabu kwa mwaka wa usajili wa kwanza: gari la 2018 lilikuwa na mwisho wake Desemba 2025, la 2019 mwisho wake ni Desemba 2026. STI za EJ20 za mwisho kabisa zilikabidhiwa wenyewe Japani mapema 2020. Kama sheria haitaguswa, mlango wake Mombasa unafungwa mwishoni mwa 2027. Waagizaji wanalijua hilo. Uganda, iliyoweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, itaendelea kuzipokea hadi karibu na 2035. Tanzania haikufunga mlango kwa umri. Inalitoza gari kuukuu ushuru wa uchakavu, kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam anayeitaka STI ya mwisho ataipata mwaka wowote atakaokuwa tayari kulipa.